Margaret Hello hakuwahi kuwepo

Nianze kwa kukiri kosa. Ile meseji inayosema Alexander Graham Bell alikuwa na mchumba anaitwa Margaret Hello, na kwamba alipomaliza kutengeneza simu mtu wa kwanza kumpigia ni huyo binti, akaita jina lake, ndo maana mpaka leo dunia nzima ikipokea simu inasema "hello", mimi niliifowadi. Tena sio mara moja. Nimeirusha kwenye grupu la familia, nikairusha na grupu la kazini, na kule kazini nikaongezea falsafa yangu juu kwamba watu wanaweza kukusahau wewe ila hawatamsahau uliyempenda, na vikopa viwili vyekundu mwishoni. Dakika kumi hazijaisha mpwa wangu akaniibukia inbox: "Anko, huyo Margaret picha yake iko wapi?"

Nikamjibu kijeuri kwamba zamani hizo picha zilikuwa za kubahatisha. Akarudisha mstari mmoja tu. "Mke wa Bell alikuwa anaitwa Mabel Hubbard, Anko, na alikuwa kiziwi."

Sasa hapo unasemaje. Na ni kweli, nimehangaika kutafuta pa kumshikia sijapata. Mabel alipoteza usikivu akiwa na miaka mitano hivi, baada ya kuugua homa kali, akafunga ndoa na Bell Julai 1877, mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya Bell kupata hataza ya simu, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi. Na mama mzazi wa Bell naye alikuwa na matatizo ya kusikia. Yaani mtu aliyeiletea dunia simu, wanawake wawili wa karibu kabisa na moyo wake hakuna ambaye angeweza kuinua kipokezi akafaidi. Hii stori ni kali mara mia kuliko ya Margaret na haina haja ya kuongezewa chumvi, ila nani ataifowadi, haina kopa.

Kilichofuata ni kwamba aibu ilinifanya nikae usiku kucha nafukua habari za hili neno, na nilichokikuta kimenibadilisha namna ninavyolisikia. Sisi tunalichukulia kama salamu. Watoto wakianza kufundishwa Kiingereza ndo neno la kwanza, linapigiwa makofi kabisa. Kumbe kwa sehemu kubwa ya maisha yake halikuwa salamu hata kidogo, lilikuwa ukelele. Ukelele wa kumtafuta mtu usiyemwona, au ambaye huna hakika kama yupo.

Ukitafuta ukoo wake unakuta kundi zima la maneno yanayofanana kama ndugu wa tumbo moja: hallo, hullo, halloo, hollo, holla. Voweli inarukaruka tu, mara a mara o mara u, na wanaoandika kila mmoja anaandika kivyake. Mwanzoni nilidhani ni uzembe wa spelling ila ukifikiria inaeleweka, kwa sababu neno la kupigia kelele toka mbali herufi zake hazina kazi kubwa. Kinachotakiwa ni pumzi, na ile "loo" ya mwisho uivute hadi imfikie unayemwita. Nenda uwanja wazi ukajaribu kumwita mtu aliye mbali kwa kutumia neno linaloishia na konsonanti, sauti inakatika mbele yako hapohapo.

Kamusi kubwa za Kiingereza zikifika nyuma kabisa zinalihusisha na Kijerumani cha kale, kuna mwito "hala" au "hola" uliotokana na kitenzi cha kwenda kuchukua au kuleta kitu, na zinasema ulitumika hasa kumwita mwenye kivuko. Hapa ndo nilisimama nikarudia kusoma. Hebu piga picha. Uko ukingoni mwa mto, jua linazama, mtumbwi uko ng'ambo ya pili na mwenyewe humwoni, labda yuko kibandani, labda amelala, labda ameshaenda zake. Hapo huwezi kuanza na habari za jioni. Unakusanya viganja mdomoni unavuta pumzi unaachia: holaaa! Maana yake njoo unichukue, lakini kabla ya hiyo kuna maana nyingine iliyojificha ndani yake, je kuna mtu huko? Halafu unanyamaza unasikiliza. Huo ukimya wa baada ya ukelele naomba uukumbuke, nitaurudia.

Wafaransa nao walikuwa na "ho là", yaani wewe, simama hapohapo, na Waingereza wakaichukua ikawa holla. Kwenye uwindaji "halloo" ilikuwa ya kuwachochea mbwa wamfukuze mnyama. Shakespeare kwenye tamthilia zake analitumia kama kitenzi kabisa, mtu ana-halloo jina la fulani mpaka vilima vinaitikia. Wamarekani mpaka leo wana "holler", kupiga kelele, ambayo ni mtoto wa hollo.

Kuna wanaosema hello imetoka kwenye "hail" ile ya kumsalimia mfalme. Zinafanana kwa sura tu, ila hail imetokana na neno la afya, ni dua, unamtakia mtu uzima. Hata goodbye ukiikunjua ndani yake unakuta Mungu awe nawe. Hello ukiikunjua hukuti kitu. Haikutakii heri, haikuulizi hali, haikuombei. Inataka kujua tu kama upo.

Sasa hii yenye e, h-e-l-l-o, imeshaonekana kwenye maandishi Marekani tarehe 18 Oktoba 1826, gazeti la Norwich Courier la kule Connecticut. Mwaka 1833 iko tena kwenye kitabu cha vituko vya David Crockett. Bell kazaliwa 1847. Thomas Edison, mvumbuzi mwingine ambaye tutamkuta mbele, naye kazaliwa 1847, mwaka uleule. Kwa hiyo neno lilikuwa limewatangulia duniani kwa miaka 21 na lilikuwa halina shida yoyote ya kusubiri mchumba wa mtu. Mpwa wangu nilimtumia hii tarehe ya 1826 saa nane usiku, hakujibu, amelala mwenzangu.

Kuna maana moja ya katikati ambayo siku hizi imebaki kidogo, na mimi ndo naipenda kuliko zote. Waingereza wa karne ya 19 walikuwa wanasema "hullo!" wakishtuka, pasipo mtu wa kuongea naye kabisa. Unafungua droo unakuta barua usiyoijua, hullo, nini tena hiki. Ni ile "ebo!" yetu, au "he!" Na yule polisi wa kwenye vichekesho vya Kiingereza anayeingia mikono nyuma akisema hello hello hello, hakusalimii yule, anakwambia nimekuona na kuna kitu hapa hakijakaa sawa.

Tuje kwenye simu, maana huko ndo utamu uliko.

Tarehe 10 Machi 1876, Boston, Bell anaongea kwenye waya na sentensi ya kwanza kueleweka upande wa pili ni kwa msaidizi wake: Bwana Watson, njoo hapa, nataka kukuona. Hakuna salamu. Hakuna hello. Ni "njoo", ileile ya mtu wa ng'ambo ya mto, na Watson akaja kweli. Bell mwenyewe baadaye alipotakiwa kuchagua neno la kuanzia mazungumzo alitaka "ahoy", mwito wa mabaharia wanaoitana kati ya meli na meli, na mzee huyo hakuwahi kuuacha, aliendelea nao miaka yote wakati dunia nzima imeshahamia kwingine. Namheshimu kwa ubishi huo. Mimi mwenyewe kuna watu nawajua walikataa kubadilisha ringtoni toka 2006.

Ila angalia tatizo lilikuwa nini. Simu za mwanzo kabisa hazikuwa na kengele. Watu wengi walikuwa wanaiwazia kama chombo cha kuunganisha sehemu mbili tu, ofisi na kiwanda chake, waya uko wazi muda wote. Sasa upande wa pili yule mtu yuko anafanya kazi zake, yuko mita tatu toka kwenye kifaa, utamshtuaje? Ndo hapo Edison anaingia. Tarehe 15 Agosti 1877 alimwandikia barua jamaa mmoja wa kampuni ya telegrafu huko Pittsburgh, anaitwa T. B. A. David, waliyekuwa wanapanga naye biashara ya simu. Barua fupi kama meseji. Anamwambia rafiki David, sidhani kama tutahitaji kengele ya kuitia, kwa sababu Hello! inasikika futi 10 hadi 20, unaonaje? Halafu chini anamalizia na gharama, kwamba kutengeneza kipazio cha kuongelea na kipokezi cha kusikilizia ni dola 7 tu.

Barua hiyo ilikaa kwenye makabrasha ya kampuni ya simu miaka zaidi ya mia mpaka mwalimu mmoja wa chuo huko Brooklyn, Allen Koenigsberg, alipoifukua, na habari zake zikatoka magazetini 1992. Mwalimu wa lugha za kale, sio wa simu. Alikuwa na kiu yake binafsi ya kujua.

Mimi nilichokipenda kwenye hiyo barua ni kwamba Edison hapendekezi salamu. Anapendekeza mbadala wa kengele! Hello pale ni kifaa, ina umbali wake kwa futi kama king'ora. Na huyu ni mtu ambaye masikio yake yalikuwa mabovu toka utotoni, kwa hiyo kama yeye ndo anasema neno fulani linasikika vizuri, mwamini. Mwezi mmoja kabla, Julai 18, alikuwa anajaribu kunasa sauti kwenye ukanda wa karatasi na alichokipigia kelele kwenye mdomo wa mashine ni "Halloo!" Kwa hiyo hata kwenye kurekodi sauti, hatua za mwanzo kabisa, neno hilihili ndo lilikuwa linapimiwa mitambo, kama fundi wa muziki anavyosema maiki maiki moja mbili. Wengine wanaandika eti Edison kaligundua, hapana jamani, kalikuta njiani kama sisi wote, ila ndiye aliyeliokota akaliingiza kwenye waya.

Januari 28 mwaka 1878 kikafunguliwa kituo cha kwanza cha biashara cha kuunganisha simu, mji wa New Haven, Connecticut, wateja 21. Februari wakatoa orodha ya wenye simu, karatasi moja, majina 50, haina hata namba kwa sababu namba za nini, unamwambia opereta nipe daktari fulani anachomeka. Mwaka huohuo kikatoka kijitabu chenye masharti, na ndani yake mteja anafundishwa namna ya kuongea: ukitaka kuanza sema "Hulloa!" na ukimaliza sema "That is all!", yaani ni hayo tu, na mwenzio aitikie O.K. Usitumie laini zaidi ya dakika tatu. Usipige zaidi ya mara mbili kwa saa.

Yaani hello ilipita mtihani, ile "ni hayo tu" ikafeli, na mimi naona tumepoteza. Fikiria simu zako zote ambazo mtu ameshamaliza alichotaka halafu mnabaki haya, haya basi, haya poa, okei, haya baadaye, okei haya, kila mmoja anaogopa kukata wa kwanza. Mtu angesema tu ni hayo tu, unasema O.K., kwisha habari.

Kwa nini lilishinda? Watu wengine wanasema kwa sababu ni fupi. Ahoy nayo ni fupi. Mimi nina wazo langu. Uingereza na Marekani ya wakati ule salamu ilikuwa inategemea unajua unaongea na nani. Good morning inataka ujue ni asubuhi, na inategemea upo na mtu mliyefahamiana, kulikuwa na mpaka utaratibu kwamba watu wa heshima hawaanzi kuongea bila mtu wa kati kuwatambulisha. Sasa simu inakuletea sauti haina uso. Humjui ni jaji au ni mbeba mkaa, mwanamke au mwanamume, mkubwa au mdogo, na yeye hakujui. Salamu zote za adabu zinakwama kwa sababu zote zinataka kwanza ujue. Lililobaki ni neno ambalo lilikuwa halijali cheo cha mtu, neno la mtoni na la mbwa. Usiku ng'ambo ya pili haionekani, na simu ni usiku wa kudumu. Lilikuwa neno la kihuni kidogo, ndio, ila ndo pekee lililokuwa na uzoefu wa kazi hiyo.

Na waliolifanya liwe la adabu ni wanawake, hawa lazima niwape nafasi yao. Mwanzoni vituo vya simu viliajiri vijana wa kiume waliotoka kwenye telegrafu, na vile vijana vilikuwa balaa, vinatukana wateja, vinachezeana, vinachomeka laini za watu kimakosa makusudi. Septemba 1, 1878, Boston, akaajiriwa Emma Nutt, mwanamke wa kwanza kuwa opereta wa simu, na baada ya muda mfupi kazi ikawa ya kina dada. Watu wakawaita "hello girls". Mwandishi wa Kimarekani Mark Twain mwaka 1889 tayari anaitumia kitabuni, anasema hello-girl wa hali ya chini kabisa anaweza kuwafundisha mabibi wakubwa wa kifalme upole na subira. Ukelele wa kivuko ukashuka sauti, ukawa laini, ukapata ile mzunguko wa juu mwishoni, hello↗, ambayo leo tunadhani ndo asili yake.

Halafu 1918 jeshi la Marekani likawahitaji. Simu za vita Ufaransa zilikuwa zinakwama kwa sababu askari walikuwa hawaijui kazi na hawajui Kifaransa, wakatafutwa wanawake wanaoongea lugha zote mbili, wakala kiapo, wakavaa sare, wakapelekwa 223. Wapo waliokuwa wanaunganisha simu karibu na mstari wa mbele kabisa, mabomu yanasikika. Vita ikaisha wakarudi nyumbani wakaambiwa samahani, nyie hamkuwa wanajeshi, mlikuwa raia wa kuajiriwa tu. Hakuna marupurupu, hakuna medali ya ushindi. Wakadai, wakadai, wakadai. Walitambuliwa 1977. Piga hesabu wewe, ni miaka karibu 60, wengi walikuwa wameshazikwa. Kazi yao nzima ilikuwa kuuliza wengine upo? na walipouliza wao hawakuitikiwa. Hii ilinikera sana usiku ule.

Nje ya Kiingereza neno lilisafiri na waya. Wafaransa wanasema allô, ila kwenye simu tu, ukikutana nao uso kwa uso ni bonjour, na hapo unaona wao waliielewa vizuri kuliko Waingereza wenyewe, waliichukua kama kifaa. Waitaliano walikataa wakasema pronto, tayari. Wahispania wanasema diga, sema. Wajapani moshi moshi, ambayo imetoka kwenye kitenzi cha kusema vilevile. Sisi tukachukua halo, tukaiongezea na o za kutosha, haloo. Wahungari wana stori kwamba hello ni yao, eti mhandisi wao Tivadar Puskás aliyefanya kazi na Edison ndiye aliyesema "hallom", nakusikia, na Edison akadhani ndo neno lenyewe. Tamu, inakaribia kuwa ya kweli, ila 1826 inaiua palepale ilipomwulia Margaret. Nimejifunza kitu kuhusu stori za chanzo cha maneno: ikiwa na mtu mmoja, siku moja, na machozi, ishuku.

Kuna kundi jingine linaloshuku neno kwa sababu nyingine. Ukilikata linaanza na hell, jehanamu. Mwaka 1997 wilaya ya Kleberg huko Texas viongozi wake walikaa kikao rasmi wakapitisha azimio kwamba salamu ya wilaya iwe "heaveno", badala ya jehanamu iwe mbingu. Sitanii. Hell na hello hazina undugu wowote kihistoria, lakini nimecheka kwa huruma, nikimfikiria mtu anapokea simu kwa "heaveno" na aliyepiga anadhani amekufa.

Ila kuna mahali hilo kato la hell lilitokea kweli na hakuna aliyelalamika. Miaka ya mwanzo ya 1970 mtaalamu wa kompyuta Brian Kernighan, pale Bell Labs, maabara iliyorithi jina la mzee wetu wa ahoy, alikuwa anaandika somo la kuwafundisha watu lugha ya kompyuta iliyoitwa B. Alihitaji mfano wa programu inayochapisha maneno. Lugha yenyewe ilikuwa inabana, kila kipande kinaweza kubeba herufi nne tu, basi hello, world ikabidi aikate vipande vitatu:

'hell'
'o, w'
'orld'

Unaiona? Angalia hicho kipande cha katikati, o, koma, nafasi, w, kama mtu anayeguna. Baadaye lugha ya C ilikuja, kitabu chake kikatoka 1978, hello, world ikawa nzima, na toka hapo mtu yeyote anayejifunza programu karibu lugha yoyote anaanza na hiyo. Kernighan alipoulizwa aliipata wapi alisema anakumbuka kikatuni cha yai na kifaranga, na kifaranga ndo kinasema Hello World. Mimi naona ni sahihi zaidi ya alivyokusudia. Unapoandika programu yako ya kwanza huisalimii dunia, unapiga ukelele gizani uone kama mashine imekusikia. Maandishi yakitokea, umeitikiwa. Mwaka 1984 kompyuta ya Macintosh ilipotolewa kwenye begi mbele ya watu iliongea yenyewe ikasema Hello, mimi ni Macintosh. Safari hii mashine ndo inatuuliza sisi.

Nikirudi kwenye matumizi ya kila siku, sasa nakisikia kile kisauti cha mtoni kila mahali. Netiweki ikikata unasema hello? hello? hello! na hapo hakuna mtu duniani atakayesema unasalimia, mmeshasalimiana dakika tano zilizopita. Mtu akisema kitu cha kijinga unamwambia "hellooo?" huku unapunga mkono mbele ya uso wake, maana yake upo humo ndani? Na yule anayekuandikia "Hello" peke yake kwenye chati saa nne asubuhi halafu anakaa kimya, hasemi shida yake, mpaka umwitikie, na ukimwitikia naye keshaondoka, jamani huyo mtu. Nilikuwa namchukia. Siku hizi namwelewa tu, ila bado namwomba aandike na shida yake palepale, mimi sio mwenye kivuko nimekaa kibandani namsubiri.

Kuna jambo la mwisho ambalo lilinitoa usingizi kabisa. Zile kampuni zinazopiga simu kwa maelfu kwa kutumia mashine, namba zinapigwa zenyewe na wahudumu wanasubiri. Mashine inatakiwa ijue aliyepokea ni mtu au ni ujumbe wa kurekodiwa, ili isimpotezee mhudumu muda. Inajuaje? Inapima. Mashine ya ujumbe ikipokea inaongea mfululizo, umempigia fulani, kwa sasa hayupo, tafadhali acha ujumbe. Mtu anasema hello, kitu kifupi kisichofika sekunde moja, halafu ananyamaza anasikiliza. Ule ukimya. Sauti fupi na ukimya baada yake ndo alama ya kwamba hapa kuna binadamu, na ndo maana ukipokea namba ngeni ukasema hello kuna kale kasekunde ka ukimya kabla sauti ya furaha haijaanza kukuuzia bima, mashine ilikuwa inapima ukimya wako.

Toka nimejua hivyo namba ngeni nikipokea sisemi kitu. Naweka sikioni nasubiri wao waanze. Juzi ikaingia moja, nikapokea, nikanyamaza. Upande wa pili nao kimya. Nasikia pumzi. Mimi kimya, yeye kimya, sekunde kama sita hivi, nikawa nimeshaweka kidole kwenye kitufe chekundu.

"Hello?" ikasema sauti. "Anko, nimebadilisha laini. Upo?"